Dawa ya viroboto ya paka imegoma? Tafuta dalili yako hapa

Malalamiko ni yale yale: "Nimemdondoshea juzi, leo viroboto wamejaa." Wengi wakifika hapo huamua dawa ni feki, hurudi dukani kutafuta kali zaidi, na hapo ndipo paka huumia. Mara nyingi dawa imefanya kazi yake. Kilichoharibika ni mahali ilipodondoshewa, au mbwa na paka wengine wa nyumbani walioachwa, au sakafu. Kabla hujavunja pipeti ya pili (kile kichupa kidogo cha plastiki chenye dawa ya matone), soma dalili inayokuhusu.

Majina ya dawa hapa chini yameachwa kama yanavyochapwa kwa maandishi madogo kwenye boksi: fipronil, imidacloprid, selamectin na mengine. Jina kubwa la mbele ni la biashara. Hilo dogo ndilo linalosema kilichomo.

Paka anatetemeka, anayumba, au ameshikwa na degedege

Hii imewekwa mwanzo kwa sababu haisubiri mtu asome mpaka mwisho.

Cha kushuku kwanza ni dawa ya mbwa yenye permethrin. Pipeti nyingi za aina hiyo zina permethrin ya asilimia 45 hadi 65. Ini la mbwa huivunja bila shida. Ini la paka haliwezi kuivunja kwa kasi inayotakiwa, sumu inabaki mwilini na kuvuruga neva. Matone machache yanatosha. Dalili huanza baada ya saa chache, lakini zinaweza kuchelewa hadi siku 3: masikio na ngozi ya mgongo vinachezacheza, mate yanachuruzika, miguu inakakamaa, mwili unawaka joto, kisha degedege. Wala si lazima awe amedondoshewa yeye. Kulala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa asubuhi kunatosha, ndiyo maana mbwa wa nyumba yenye paka atafutiwe dawa isiyo na permethrin, au watenganishwe kwa siku 3.

Cha pili ni dawa ya josho: amitraz, cypermethrin, deltamethrin, diazinon, zile za kuogeshea ng'ombe na mbuzi zinazopimwa kwa kifuniko na kumiminwa kwenye ndoo. Cha tatu ni dawa ya unga ya kuku au ya bustani, nyingine zikiwa na carbaryl. Paka hulamba kila kinachomgusa manyoya. Unga uliomnyunyizia jioni, asubuhi uko tumboni.

Sumu hizi hazifanani, na tofauti yake inamsaidia daktari. Diazinon na carbaryl huleta mate, machozi, kuhara na mboni zilizosinyaa kama ncha ya sindano. Hapo atropine, dawa ya daktari ya kupinga sumu hizo, ina kazi. Amitraz humlegeza paka, akawa baridi na moyo ukapiga polepole. Permethrin haina dawa ya kuipinga moja kwa moja, na atropine haiigusi; kinachofanyika ni kutuliza misuli na degedege huku mwili ukiitoa wenyewe, kazi ya siku 1 hadi 3. Kwa hiyo boksi au chupa usiitupe, nenda nayo.

Kama bado ana fahamu na hajaanza degedege, fanya haya kwa mpangilio huu:

1. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi.
2. Muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mara mbili, ukikazia pale dawa ilipodondoka. Maji ya moto huongeza sumu kuingia kwenye ngozi. Ya baridi hushusha joto la mwili na kuzidisha mtetemeko.
3. Mkaushe, mfunge kwenye taulo asijilambe, ondoka.

Usimpe maziwa, mafuta wala mkaa, na usimtapishe. Degedege likishaanza acha kuosha, nenda kwa daktari wa mifugo hivyo hivyo alivyo.

Kuna kundi jingine la dawa mpya, fluralaner, sarolaner na esafoxolaner, ambazo ni halali kwa paka zikiwa kwenye boksi la paka. Hata hivyo FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari mwaka 2018 kwamba dawa za kundi hilo, mara chache, huleta mtetemeko au degedege. Paka aliyewahi kuanguka degedege asipewe kabla daktari hajaambiwa.

Povu mdomoni dakika chache baada ya kudondoshewa

Soma boksi kwanza. Kama ni dawa ya paka na haina permethrin, basi amelamba, na dawa ni chungu. Atatoa povu, atatikisa kichwa, atakimbia chini ya kitanda. Mpe maji safi, mfute mdomo kwa kitambaa kibichi, muache. Huisha yenyewe. Ikipita saa 3 bado anachuruzika mate, au anatapika tena na tena, au mtetemeko umeanza, mpeleke.

Sababu yake karibu kila mara ni tone kuwekwa chini mno. Katikati ya mabega ni mahali pa mbwa. Paka ana shingo laini na ulimi wake unafika. Mahali pake ni kwenye ukosi, pale fuvu linapoishia na shingo kuanza.

Na hapa inafaa kwenda polepole, maana ndipo dawa nyingi hupotelea. Mweke paka juu ya meza akiwa ameangalia upande mwingine, si wewe. Vunja ncha ya pipeti ukiwa umeisimamisha wima ili kilichomo kisiruke. Kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto tenganisha manyoya ya ukosi mpaka uone mstari mweupe wa ngozi, upana wa kucha. Gusisha ncha kwenye ngozi yenyewe, bana mara moja, bana tena, na uendelee kubana wakati unaitoa, maana ukilegeza vidole mapema pipeti hufyonza dawa irudi ndani. Ukimaliza, manyoya ya pembeni yawe karibu makavu. Ukiona shanga za mafuta zimening'inia juu ya manyoya, hiyo dawa haijafika ngozini, na isipofika ngozini haisambai: fipronil na imidacloprid husafiri kwa mafuta ya ngozi, selamectin huingia mwilini kupitia ngozi kisha hurudi juu. Usisugue wala usimpake kama losheni. Paka wawili wenye tabia ya kulambana watenganishwe mpaka pakauke.

Siku ya kwanza imepita na viroboto bado wanatembea

Kinachoongoza ni haraka ya mwenye paka. Imidacloprid huua viroboto walioko mwilini ndani ya takriban saa 12. Fluralaner karibu na hapo. Fipronil hadi saa 24. Selamectin inaweza kuchukua saa 36. Halafu kiroboto aliyepata sumu hupoteza mwelekeo, hupanda juu ya manyoya ambako kwa kawaida hakai, na mtu huona wengi kuliko jana. Hao wanakufa.

Kinachofuata ni viroboto wapya. Hakuna dawa ya matone inayojenga ukuta. Kiroboto huruka kutoka kwenye zulia, hutua kwa paka, ndipo hukutana na dawa. Kumkuta mmoja au wawili wakubwa, wenye haraka, siku ya tano si ushahidi wa dawa mbovu.

Kipimo cha kujua kama dawa inafanya kazi ni hiki. Saa 48 baada ya kudondosha, simamisha paka juu ya karatasi au tishu nyeupe, mchane kwa kitana cha chawa kuanzia kiunoni hadi shina la mkia. Vitadondoka vipunje vyeusi kama unga wa pilipili manga. Lowesha tishu kidogo, subiri dakika moja. Kikiwa udongo, kitabaki cheusi. Kikiwa kinyesi cha kiroboto, pembeni yake patatokea duara la rangi ya kutu linalosambaa, kwa sababu ni damu ya paka iliyokwisha kupita tumboni mwa mdudu. Andika idadi ya viroboto hai uliowapata. Rudia baada ya siku 7. Ikishuka, dawa iko kazini, na tatizo lako ni sakafu.

Idadi ikiwa ile ile, na hujaosha paka, na uzito ulikuwa sahihi, ndipo uitilie shaka pipeti: tarehe ya mwisho, pakiti iliyokaa kwenye dirisha la duka juani, au pipeti inayouzwa moja moja bila boksi. Dawa halali ina namba ya usajili. Tanzania ni ya TMDA, mamlaka ya dawa, Kenya ni ya VMD, idara ya dawa za mifugo. Pipeti isiyo na boksi haikuonyeshi namba, wala haikuambii kama ni ya mbwa.

Unataka waanguke leo leo? Kidonge cha nitenpyram huanza kuua ndani ya nusu saa na kazi yake huisha ndani ya siku moja hadi mbili. Ni msaada wa kuanzia, hakizuii chochote kesho. Kinafaa kwa paka wa wiki 4 na kuendelea mwenye kilo 0.9 au zaidi.

Wametoweka, kisha wamerudi kabla ya mwezi kuisha

Hili ndilo linaloleta watu wengi zaidi, na sababu zake zinapaswa kupitiwa kwa utaratibu huu, ya kawaida kwanza.

*Sakafu.* Viroboto unaowaona kwa paka ni sehemu ndogo ya waliomo ndani ya nyumba, inakadiriwa asilimia 5. Waliobaki ni mayai, mabuu na pupa. Jike mmoja hutaga hadi mayai 40 au 50 kwa siku, meupe, laini, hayashiki kwenye manyoya. Paka akijikung'uta yanamwagika anapolala. Mabuu hukimbia mwanga, hujichimbia chini ya zulia, kwenye nyufa za saruji, uvunguni, chini ya mito ya kochi, na hula kile kinyesi chenye damu. Kisha hujifunga ndani ya kifuko cha hariri chenye gundi, vumbi likakiganda kikafanana na takataka nyingine. Humo ndani dawa ya kopo ya mbu haipenyi. Pupa anaweza kungoja wiki, hata miezi, mpaka asikie joto, mtikisiko au pumzi ya kiumbe. Ndiyo maana mtu akirudi kutoka safari ya mwezi mzima, nyumba imefungwa, paka alikuwa kwa jirani, hatua tatu sebuleni viroboto wanamvamia miguuni.

Mwambao wa Tanga hadi Mombasa, wenye joto la nyuzi 27 hadi 32 na unyevu mwingi, yai linaweza kuwa kiroboto mzima kwa muda wa wiki 3 hivi, na hakuna baridi ya kuvunja mzunguko huo. Penye ukavu mabuu hufa. Hata Dodoma watafute uvunguni na jikoni, si uani penye jua.

Hatua za sakafu, siku ile ile ya kumdondoshea paka:

– Mikeka, mabusati na zulia jepesi vitolewe, vikung'utwe, vianikwe juani kutwa nzima, pande zote mbili.
– Matandiko ya paka na mashuka anayolalia yafuliwe kwa maji ya moto, nyuzi 60 kama mashine inaruhusu, kila wiki.
– Fagia nyufa na kona kwa ufagio wa njiti, kisha piga deki. Vumbi lichomwe au lifungwe kwenye mfuko; ukilimwaga mlangoni umewahamisha tu.
– Kochi: toa mito, fagia mikunjo ya ndani, au pitisha mashine ya kufyonza vumbi na utupe mfuko wake.
– Kama wamezidi, tafuta dawa ya kupuliza ya nyumba yenye pyriproxyfen au methoprene. Hizi huzuia mayai na mabuu kukua, na kazi yake hudumu miezi. Dawa ya mbu ya kawaida huua wakubwa tu. Paka, kuku na samaki wa tangi wawe nje mpaka pakauke na hewa ibadilike.

Hata ukifanya yote hayo, tegemea wiki 3 hadi 8 za kuona mmoja mmoja wakitoka kwenye vifuko. Wanatoka kufa. Watu hukata tamaa katikati ya kipindi hiki, na ni kosa la gharama.

*Wanyama wengine.* Hesabu wote: mbwa wa getini, paka wa jirani anayekuja kula mabaki, yule anayelala juu ya bati. Kiroboto wa kawaida wa mbwa na wa paka ni mmoja, Ctenocephalides felis. Kumtibu paka mmoja kati ya wanne ni kuwapa viroboto chakula mbadala. Wote wa nyumbani siku moja, kila mwezi, kwa miezi 3 bila kuruka.

*Kuoshwa.* Fipronil haitaki maji siku 2 kabla na siku 2 baada, na shampuu ya kila wiki huimaliza mapema. Imidacloprid nayo hupungua kwa shampuu. Selamectin huvumilia kuoshwa kuanzia saa 2 baada ya kudondoshewa. Paka anayeogeshwa kila Jumapili anahitaji ya mwisho hiyo, au aachwe kuogeshwa.

*Uzito.* Mpime, usikisie. Muweke kwenye kikapu juu ya mizani, toa uzito wa kikapu. Imidacloprid ya paka ni ml 0.4 kwa walio chini ya kilo 4 na ml 0.8 kuanzia hapo. Selamectin ya paka hadi kilo 2.5 ni mg 15, ya kilo 2.6 hadi 7.5 ni mg 45. Dume la kilo 5 lililopewa ile ya mg 15 limepewa nusu ya kinachohitajika, na litaanza kujikuna kabla ya wiki ya nne. Kugawa pipeti kubwa ya mbwa kwa bomba la sindano ili kubana matumizi ndiko kulikojaza sehemu ya kwanza ya ukurasa huu.

*Usugu.* Upo, hasa kwa jamii ya permethrin. Ila uwe wa mwisho kwenye orodha. Kama umefanya miezi 3 kamili, wanyama wote, sakafu, uzito, na hesabu ya kitana haishuki, badilisha kundi la dawa, si jina la boksi. Boksi mbili tofauti zenye fipronil ni dawa moja.

Basi ipi?

Paka wa ndani, viroboto tu, hana kupe: imidacloprid inatosha na ni ya haraka, lakini haiui kupe. Anayezurura vichakani na kurudi na kupe: fipronil, na bora iliyochanganywa na methoprene, kwa kuwa mayai yatakayoanguka kutoka kwake hayataanguliwa. Nyumba yenye sungura iwe makini. Fipronil ni sumu kwa sungura, asipakwe wala asilale na paka ambaye hajakauka. Mwenye utitiri wa masikio pamoja na viroboto: selamectin, au imidacloprid iliyounganishwa na moxidectin, huua vyote viwili na minyoo ya mviringo. Paka mkali anayekubali kushikwa mara chache kwa mwaka: fluralaner, tone moja hulinda wiki 12, si kwa aliye chini ya kilo 1.2. Bei yake huumiza mfukoni, ingawa ukiigawanya kwa miezi 3 hesabu hubadilika.

Kola za bei ya chini za sokoni zisizo na jina la dawa wala kiasi, ziache hapo hapo.

Wameganda pembeni mwa masikio na hawaruki

Vidoa vyeusi vya kahawia, vimepangana kwenye ukingo wa sikio au kuzunguka macho, ukivigusa havikimbii. Mtu huvidhani kupe wachanga au upele. Ukiwa na kuku nyumbani, elekea zaidi kwenye kiroboto wa kuku, Echidnophaga gallinacea, ambaye huchomeka mdomo kwenye ngozi na kukaa papo hapo. (Funza wa miguuni naye ni kiroboto, wa jamii inayokwenda mbali zaidi: yeye huingia ndani kabisa.)

Fipronil au imidacloprid ya kawaida huwaua, lakini hubaki wameganda siku kadhaa baada ya kufa. Usiwakwangue kwa kucha. Wang'oe polepole kwa kibanio, kisha safisha kwa maji ya chumvi. Kwenye ukingo wa jicho usitie dawa yoyote wala kibanio, hiyo ni kazi ya daktari. Wakirudi, chanzo ni banda: ondoa maranda na samadi yote, choma, acha banda likauke juani, na kuku wenyewe watibiwe kwa dawa ya kuku. Paka asilale bandani.

Anajikuna, lakini kiroboto haonekani

Rudia kipimo cha tishu. Kikitoa duara la kutu, viroboto wapo. Paka ni fundi wa kujisafisha na huwameza kabla hujawaona. Paka mwenye mzio wa mate ya kiroboto huhitaji kuumwa mara chache tu kuwashwa wiki nzima: vigaga vidogo vidogo mgongoni na shingoni, unavisikia kwa vidole kabla ya kuviona, na manyoya yamekatika kiunoni karibu na mkia. Muwasho huweza kuendelea wiki 2 au 3 baada ya kiroboto wa mwisho kufa. Endelea na dawa bila kukosa tarehe. Kama amejitoboa ngozi, daktari atampa dawa ya kutuliza.

Tishu ikibaki safi, angalia masikio. Uchafu mkavu mweusi kama masalia ya kahawa ni utitiri wa masikio. Magamba mazito kuanzia ncha za masikio kushuka usoni ni ukurutu wa Notoedres, utitiri wa ngozi. Mabaka ya duara yasiyo na manyoya, hasa kwa mtoto wa paka, na watoto wa nyumbani nao wana mashilingi: ni fangasi, na hakuna dawa ya viroboto itakayomsaidia.

Ngozi imekuwa nyekundu au manyoya yametoka ukosini

Manyoya kushikana na unga mweupe siku mbili za mwanzo ni kawaida. Kidoa kisicho na manyoya, bila kidonda, huota tena. Mwezi ujao dondosha pembeni kidogo, na badilisha aina. Kukiwa na wekundu, malengelenge au anajikwaruza hapo hapo, osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, usirudie dawa hiyo.

Uliza pia alipakwa nini kabla. Mafuta ya taa huunguza ngozi na akilamba huingia mapafuni. Dawa ya kuua vijidudu ya rangi ya kahawia, ile inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia majini, ni sumu kwa paka hata kwenye maji ya kuogea. Kitunguu saumu huharibu damu yake. Mafuta mazito ya mwarobaini yamewahi kulewesha paka. Hayana kipimo unachoweza kukiamini.

Watoto wa paka chini ya wiki 8, na mama anayenyonyesha

Pipeti nyingi huanzia wiki 8 au 9. Selamectin wiki 6 hadi 8 kufuatana na lebo ya nchi. Chini ya hapo tumia kitana. Chana kila siku, zamisha kitana kwenye bakuli la maji ya sabuni baada ya kila mpito. Wakiwa wengi sana, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na matone mawili ya sabuni ya vyombo, ukianza kwa pete ya povu shingoni ili viroboto wasikimbilie kichwani. Dakika 2, suuza, kausha kabisa, mweke penye joto. Mtoto wa paka aliyelowa hufa kwa baridi kabla ya kufa kwa viroboto. Mama atibiwe kwa selamectin, ambayo ni salama akiwa na mimba na akinyonyesha. Dawa ya kupuliza ya fipronil ya asilimia 0.25 inaruhusiwa kuanzia siku 2, lakini iachie mkono wa daktari.

Funua mdomo uone fizi. Zikiwa nyeupe au za kijivu badala ya pinki, au mtoto amelegea na hanyonyi, amekwisha damu. Huyo hangoji kesho.

Punje za mchele zimeshika mkiani

Ni vipande vya tegu, Dipylidium caninum. Paka humpata kwa kummeza kiroboto. Viroboto wakitibiwa bila tegu kutibiwa, punje zitaendelea. Tegu akitibiwa peke yake, atarudi. Anahitaji praziquantel, dawa ya tegu, kwa kidonge au pipeti yenye dawa hiyo, pamoja na dawa ya viroboto.

Paka ni safi, watu ndio wanaoumwa

Kama kitana na tishu havitoi kitu kwa wiki 2, na alama ziko kwenye vifundo vya miguu, hao ni viroboto wanaotoka kwenye vifuko: rudi kwenye sakafu. Alama zikiwa mistari mgongoni na mikononi baada ya kulala, fungua godoro, huenda ni kunguni, na paka hahusiki.

Uwezekano wa mwisho ni panya. Paka mwindaji huleta mzoga sebuleni, na viroboto wa panya huuacha mzoga ukipoa. Uokote kwa mfuko wa plastiki, bila mkono mtupu, uchome au uzike. Katika maeneo yaliyowahi kupata tauni, kama Lushoto ilikoripotiwa kuanzia 1980, panya wanaokufa wenyewe bila sumu wala mtego waripotiwe kituo cha afya, na mtu mwenye homa kali na mtoki apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.